Boti ya Mgonjwa Asiye na Ndugu

Nyinyi mnaoanza sasa mnabonyeza kitufe, mnakwenda kunywa chai, mkirudi mnakuta wavu umeshajifuma wenyewe. Sisemi kwa wivu. Kitufe hicho kingekuwepo zamani zangu ningekibonyeza mimi kwanza, na pengine macho yangu yangekuwa bado yanaona vizuri. Lakini juzi nilipopita karakana kuwasalimu, mmoja wenu aliniuliza kwa nini pale ukutani juu ya kompyuta pameandikwa kwa mkaa NA WATU WAKE? na kwa nini kila anayepaka rangi ukuta ule anapazunguka maneno hayo. Nilishindwa kujibu. Kusema mbele za watu kumenishinda tangu utotoni. Basi naandika, polepole, kwa kuwa shule yangu iliishia darasa la saba na baada ya hapo nilishika uzi zaidi ya kalamu.

Kwa ambaye hajawahi kuingia karakana yetu hapa Bagamoyo, nianze na kazi yenyewe. Tunajenga boti za faiba. Kabla ya kuijenga, injinia hutaka kujua maji yataikamata boti kwa nguvu gani ikiwa inakwenda, maana hapo ndipo anapojua ifungwe mashine ya ukubwa gani. Kukamata huko waliosoma wanakuita ukinzani. Kompyuta haiwezi kuyahesabu maji yote kwa pamoja. Inabidi uyakate vipandevipande, uvifume kama wavu uliolizunguka tumbo la boti, na kila jicho la wavu huo lina maji yake. Jicho humpa jirani yake habari, jirani naye humpa wa pili, kama mambo ya mtaani. Sasa jicho moja likipinda, au likiwa dogo likakaa ubavuni mwa jingine kubwa mno, habari inaharibika njiani. Mwisho kompyuta inakupa jibu safi, lina nukta na sehemu zake, na ni la uongo.

Kazi yangu ilikuwa kuyatafuta macho mabovu na kuyanyoosha, moja baada ya jingine.

Aliyenitia katika kazi hiyo ni Injinia Rajabu. Kila mtu alimwita Injinia, hata mama yake, ila mama alimwita hivyo akitaka kumkejeli. Kwao ni kitongoji kimoja karibu na mdomo wa mto Wami, ukishaipita Mkange ukawa bado unakwenda. Alisoma Dar, akarudi, akafungua karakana. Siku moja alinikuta ufukweni karibu na mnada wa samaki nikitengeneza nyavu pamoja na baba. Akasimama. Mimi sikuinua uso.

"Shikamoo," nikasema, nimeinama vilevile.

"Marahaba. Unaunga nini hapo?"

"Wavu."

"Hilo naliona. Macho haya madogo na yale makubwa, mbona hukuyaunga moja kwa moja?"

Nikakaza fundo. Baba akanijibia. "Ukiunga hivyo wavu utavuta upande mmoja na kuchanika. Macho lazima yakue kidogo kidogo. Na huyu usimsubiri aseme, bwana. Maneno yake anayaweka akiba kama mahari."

Injinia akacheka sana. "Jambo hilo nimelisomea, mzee, ila mikono yenye subira ya kulifanya sina. Nipe mwanao."

"Akufanyie nini?"

"Anishonee wavu."

"Wa samaki gani?"

"Hauna samaki."

Baba alinitazama, akamtazama Injinia, akasema, "Nenda naye, mwanangu. Kama ni kichaa, angalau ni kichaa mpole."

Tangu siku hiyo Injinia aliniita Kimya, na jina likakaa.

Nakumbuka boti ya watalii, ile ya kuwapeleka kwenye fungu la mchanga. Nilikuwa nimeshazoea kidogo. Tulipomaliza wavu na kompyuta ikatoa jibu, ukinzani ulikuwa mdogo ajabu. Mafundi wa faiba wakaanza kupigana mabega kwa furaha. Injinia hakucheka. Akavuta kiti.

"Kimya, hii boti inaelea juu ya nini?"

"Maji."

"Nikatie picha ya chini ya tumbo."

Nikaikata. Chini ya tumbo, pale palipotakiwa kuwa na rangi ya maji peke yake, palikuwa na rangi ya hewa, imepakwapakwa kama samli kwenye chapati. Macho ya wavu pale omo, yaani mbele ya boti, yalikuwa makubwa mno kutenganisha hewa na maji, hivyo kompyuta ikavikoroga pamoja na kuvipitisha chini. Boti yetu ilikuwa inatelezea hewa ambayo baharini haiko.

"Boti ikiteleza kuliko kipande cha sabuni," akasema, "msiite watu kushangilia. Pigeni magoti mtazame chini."

Nawaachia hilo, na mengine machache. Anzeni na ngozi ya boti. Maji yanayogusa ngozi hunata, na pale macho lazima yawe membamba yamelaliana kama maganda ya kitunguu. Msianze na bahari ya mbali kwa sababu ni rahisi. Mtachoka kabla hamjafika penye kazi. Mkiona jicho limepinda, msilinyooshe peke yake, angalieni majirani zake, kwa kawaida kosa limetoka kwao. Na msidhani wavu mzuri ni ule wenye macho madogo kila mahali. Wavu wa hivyo kompyuta itausaga mpaka izimike. Macho madogo yanawekwa pale penye jambo, kwingine unayaacha yakue. Ni lazima uchague.

Boti nyingi jambo kubwa liko kwenye mstari wa maji, pale maji, hewa na ubavu wa boti vinapokutana. Hapo tulikuwa tunaweka mkanda wa macho madogo kuizunguka boti yote, kama mshipi wa suruali. Juu ya mkanda macho yanakuwa makubwa, na chini yake vilevile. Lakini kuuweka mkanda huo sharti kwanza useme mstari wa maji utakuwa wapi. Na kusema hivyo sharti useme boti itabeba nini.

Sasa nafika kwenye ile boti.

Kule kwao Injinia, masika ikikaza, njia ya kutokea Mkange inakuwa tope tupu. Mgonjwa akizidiwa hapati gari. Watu wa kitongoji wakachangishana, wakamjia mtoto wao. Walitaka boti ya wagonjwa, iwatoe mdomoni mwa Wami iwafikishe Bagamoyo hospitali upesi. Na walitaka mashine ndogo, isiyokunywa mafuta sana, maana boti isiyo na mafuta ni pambo la ufukweni.

Injinia aliipenda kazi ile kuliko zote. Hakuna siku niliyomwona akiimba isipokuwa miezi hiyo. Akachora tumbo jembamba, jepesi. Tukakaa kupanga mzigo. Nahodha. Nesi. Mgonjwa juu ya machela. Mtu mmoja wa kumshika mkono. Tukapata mstari wa maji, nikauzungushia mkanda wa macho madogo, mazuri, hakuna hata moja lililopinda. Sijawahi kushona wavu mzuri kama ule. Kompyuta ikasema mashine ndogo inatosha: boti itakaza mwendo, itapanda, yaani tumbo litainuka na kuteleza juu ya maji. Tukaijaribu baharini na mifuko ya mchanga badala ya watu. Ikapanda vilevile kama tulivyoambiwa. Wavu haukusema uongo.

Siku ya kuikabidhi tuliipeleka sisi wenyewe. Mama yake Injinia, Bi Mwanahawa, alikuwa mbele ya watu wote pale ufukweni, na mdogo wake Bi Kidawa ubavuni. Wawili hao hawakuwahi kuonekana mmojammoja. Bi Mwanahawa akaizunguka boti, akagonga ubavu kama anayenunua tikiti.

"Injinia," akasema, "mimi nitakaa wapi?"

"Mama, hii ni ya wagonjwa. Wewe huumwi."

"Nasema siku akiumwa huyu Kidawa."

"Nani aumwe?" Bi Kidawa akadakia. "Mimi nitakuzika wewe, dada, nile na pilau."

Watu wakacheka wakashika mbavu. Injinia naye alicheka, akambusu mama yake mkono. Nami nilicheka, kimoyomoyo, kama kawaida yangu.

Masika iliyofuata, Bi Mwanahawa aliamka tumbo limemkaza. Nesi wa zahanati alipomshika akasema asicheleweshwe, hii ni ya kupasuliwa. Wakampigia Injinia simu, naye akasema, "Boti ipo. Mleteni." Akaniambia twende ufukweni tukawapokee. Tukachukua bajaji, ikasimama juu kwenye mchanga mgumu, inasubiri. Injinia alikuwa na wasiwasi wa mtoto kwa mama yake, lakini boti alikuwa na imani nayo. Alinionyesha upande watakaotokea, akaniambia saa ngapi tutaiona.

Saa aliyoitaja ikapita. Akasema huenda walichelewa kuondoka. Akapiga simu, haikupatikana. Tukakaa. Dereva wa bajaji akalala.

Boti ilipotokea, ilikuwa mbali sana, ndogo kama punje. Mimi niliona boti tu. Yeye alisimama, akakinga jua kwa kiganja, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema neno moja.

"Haijapanda."

Ndipo nami nikaona. Omo imekwenda juu, nyuma imezama, na mbele yake inasukuma kilima cha maji meupe. Boti ya aina ile isipopanda inalima. Kadiri nahodha anavyokaza mashine, ndivyo inavyozidi kuchimba. Kutoka pale tulipoiona mpaka ilipogusa mchanga, Injinia hakuketi tena.

Ndani yake alikuwemo Bi Mwanahawa juu ya machela. Alikuwemo nesi. Alikuwemo Bi Kidawa ameshika kichwa cha dada yake mapajani. Walikuwemo wake za watoto wake, na mjukuu wake Mwanaisha mwenye kichanga mgongoni, na mke wa imamu aliyekuwa akimsomea Yasini, na jirani ambaye asingeweza kubaki kwa kuwa walinyonyeshana watoto. Lilikuwemo godoro, mkeka, jiko na gunia la mkaa, sufuria, ndoo, unga, chupa za chai. Maana mgonjwa akilazwa, nani atampikia uji?

Injinia alimtazama nahodha, mzee mmoja anayeitwa Mwinyi. Hakumlaumu, alimtazama tu.

"Nimshushe nani, baba?" akasema Mwinyi. "Niambie wewe. Nimshushe Kidawa?"

Bi Mwanahawa alikuwa bado na fahamu. Tulipokuwa tunamtoa alimwona mwanawe akasema, kwa sauti ndogo, "Injinia, boti yako ina raha, ila haina haraka." Alikuwa anamtania. Mpaka pale alikuwa anamtania.

Hospitali walimpokea vizuri, walimwingiza upesi. Hakutoka. Daktari alitoka yeye, akawaambia kwa upole kuwa utumbo ulikuwa umeshaharibika, na angefika mapema kidogo pengine ingekuwa vingine, pengine isingekuwa. Alisema maneno yote mawili. Injinia alilisikia moja tu, na lile moja alilala nalo na kuamka nalo mpaka mwisho wake.

Baada ya arobaini alirudi karakana. Boti haikurudi Wami; tangu siku ile ilikuwa juu ya magogo pale uani. Ule mto una tope jekundu, na tope lilikuwa limeacha alama ubavuni, likionyesha maji yalifika wapi siku ile. Akaweka kiganja chake juu ya mstari wetu wa rangi, akapima kwenda juu. Shibiri moja na zaidi. Kisha akaja ndani akaniambia nifungue ule wavu.

Nikaufungua. Akaweka kidole kwenye kioo pale alama ya tope ilipokuwa. Palikuwa juu kabisa ya mkanda, penye macho makubwa, pale ambapo hatukutegemea maji yafike maishani.

"Umeona?" akasema. "Tulishona vizuri pale tulipotaka maji yakae."

Tukashona upya. Siku hiyo niliusogeza mkanda juu huku yeye akitaja watu mmojammoja, si kwa uzito, kwa majina. Kidawa. Mwanaisha na kichanga. Mke wa imamu. Godoro. Mkaa. Kompyuta ikahesabu, ikatoa jibu: kwa mashine ile, boti haitapanda. Ilisema wazi, bila kusitasita. Angeiuliza kabla, ingemwambia vilevile.

"Haikutudanganya," akasema Injinia. "Tuliiuliza habari za mgonjwa asiye na ndugu."

Mimi nililia. Na nimelifikiria jambo hilo miaka yote hii. Hatukuwa wageni. Ingekuwa boti ile imechorwa na watu wa mbali, ningeelewa. Pale karakana sote tulikuwa watu wa huku, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona mgonjwa akipelekwa hospitali na mtu mmoja. Mimi mwenyewe nilipolazwa utotoni kwa homa, shangazi zangu walijaa chini ya kitanda mpaka daktari akawa anaruka miguu. Tulilijua hilo kama tunavyojua majina yetu. Lakini tulipokaa mbele ya kompyuta tulihesabu kama watu wa kwenye picha za vitabu. Tulimhesabu mgonjwa. Watu wake tukawaacha ufukweni.

Ni Injinia aliyechukua kipande cha mkaa jikoni kwa mama lishe wetu akaandika ukutani. Mnapowachorea watu boti, au lolote linalobeba watu, kabla hamjabonyeza kile kitufe chenu, someni pale kwanza. Kitufe kitawashonea macho yaliyonyooka kuliko yangu. Hakitawauliza nani mwingine anakuja.

Boti ile tuliikata nyuma, tukaipanua, tukaifunga mashine kubwa zaidi. Injinia alitafuta wasaa wa kwenda kuwafundisha vijana wa kule kuitunza. Iliporudishwa, Bi Kidawa hakutokea ufukweni. Imewatoa wengi tangu hapo, na wengi wamerudi nayo wazima. Injinia hakuwahi kuipanda. Aliniambia mara moja tu, tukinywa chai, "Kimya, siku nikiipanda hiyo nitataka kuangalia mwendo wake, nami sitaki kuuona." Hakuimba tena kazini. Alikuwa mwalimu yuleyule, hakuwahi kunifokea, lakini mtu alikuwa ameondoka ndani yake. Kisha sukari ikamshika, akawa anapungua.

Alifariki hapa mjini, alasiri, akiwa amezungukwa na watu. Alikuwa ameusia azikwe kwao, karibu na mama yake. Ilikuwa masika, njia ya Mkange imekatika. Asubuhi yake tulipokwisha kumwosha na kumswalia tulimteremsha ufukweni, na iliyokuwa inatusubiri ni boti ile. Mwinyi, mzee kweli sasa, alikuwa ameshika mashine. Tukaliweka jeneza katikati, pale pa machela. Watu wakaanza kuingia, mafundi wa faiba, majirani, wajukuu, maimamu wawili, mwenye bajaji. Mwinyi aliinua kidole kama anayetaka kuhesabu, akakishusha.

"Bado wapo?" akaniuliza.

"Wapo."

"Waingie."

Nilikaa nyuma kabisa, karibu naye, mkono wangu juu ya ubavu. Tulipotoka kwenye maji machache akakaza. Omo ikainuka. Ikawa inachimba, inachimba, kilima cheupe mbele yetu, nami nikawa ninayaona yale macho kichwani, mstari umefika wapi, mkanda umeishia wapi. Kisha nikahisi chini yangu tumbo la boti linajiachia kutoka kwenye maji, polepole, kama mtu anayeachia mkono aliokuwa ameushika. Omo ikalala. Kelele ya mashine ikawa nyembamba.

"Imepanda," akasema Mwinyi, akitazama mbele.

Maiti huharakishwa, ndivyo tulivyofundishwa, na siku hiyo tuliharakisha. Tulifika mdomoni mwa Wami jua halijapanda sana. Makaburini tuliwakuta vijana bado wako ndani ya shimo, wanachonga mwanandani, ile nafasi ya kumlaza maiti. Walishangaa kutuona. Wakasema hawakututegemea mpaka adhuhuri. Tukalitua jeneza ubavuni mwa kaburi la Bi Mwanahawa, tukakaa chini kusubiri. Tulikuwa tumewahi.